Darasa Lako la Alasiri, Shangazi

Matrah, Oktoba 1970

Shangazi yangu,

Huu mwezi wa tano tangu tukuzike, na kila nikishika kalamu nilikuwa naona haya. Mtu akishakufa huombewa dua, haandikiwi. Dua sijaziacha. Lakini yapo mambo nnayotaka kukwambia kwa raha, kama tulivyokuwa tukisemezana jikoni, wewe unachambua mchele, mimi nnaosha vikombe.

Wamefungua skuli ya wasichana. Hapa hapa kwetu, Shangazi, wala si maneno ya barazani. Nimeiona kwa macho yangu, nimewapeleka mwenyewe wasichana watano wa darasa lako, na Shamsa akiwa mbele. Pale mlangoni alikuwepo mwalimu mmoja mgeni, mwanamke, anawapima watoto kujua wawekwe darasa gani. Wengi walikuwa hawajawahi kushika kitabu. Ilipofika zamu yake Shamsa akapewa ukurasa, akausoma wote bila kusita. Akapewa hesabu ya kugawa, akaifanya, kisha akaikagua kwa kuzidisha kama ulivyomfundisha. Yule mwalimu akamtazama.

"Wewe umesoma wapi?"

"Kwa Bibi Aziza, nyuma ya msikiti," Shamsa akakutaja, kana kwamba kila mtu anapajua kwako.

Kawekwa darasa la nne. Wenzake wanne wamewekwa la tatu. Mimi nikageuka ukutani nikalia, na buibui langu likanisitiri.

Nimekaa siku nyingi nnafikiri jinsi ulivyoanza. Wewe Unguja ulisomesha hesabu miaka ishirini, lakini Kiarabu chako kilikuwa cha kusomea msahafu tu. Tulipofika huku, mimi na wewe na Khalfan wangu, baba yake akiwa Kuwait kutafuta riziki, tulidhani mtoto akishapata nafasi skuli basi yamekwisha. Nafasi zenyewe zilikuwa za kugombania. Kumbe mwanangu alikuwa anakaa darasani kama bubu. Nyumbani Kiswahili, skuli Kiarabu, na mimi mama yake sikuweza kumsaidia hata mstari mmoja.

Ile siku aliyorudi na mkono umevimba unaikumbuka. Mwalimu alimuuliza kama somo ni gumu, naye, maskini ya Mungu, akataka kusema ni rahisi. Akalitia neno letu lafudhi ya Kiarabu, akasema somo ni rakhisi. Kwao hilo ni la kitu cha bei ndogo tu. Darasa zima likacheka, mwalimu akaona anatukanwa, akamchapa. Mimi nikataka kwenda kugombana. Wewe ulimtia maji ya chumvi mkononi, ukamwambia, "Kesho alasiri uje na kitabu chako. Tutasoma sote wawili, maana na mimi sijui."

Mimi nilidhani unamtuliza. Kumbe ulikuwa unasema kweli. Kesho yake asubuhi ukavuka kichochoro, ukaenda kwa jirani Mwarabu, ukamkuta Shamsa, ana umri wa miaka sita, anasoma kitabu cha kaka yake kwa kukipindua juu chini, kwa sababu alijifunza kusoma akiwa amekaa mkabala na kaka yake. Ukamwomba akusomeshe. Mwanamke wa miaka sitini, mwalimu wa watu, ukawa unakaa chini mbele ya mtoto yule kila asubuhi, unasahihishwa. Alikuwa mkali. "La, Bibi, si hivyo. Tena." Na wewe unarudia. Alasiri unampa Khalfan lile lile ulilolipata asubuhi. Ulikuwa unamtangulia kwa somo moja tu, basi.

Baba yake Shamsa alipojua alikuja kusimama uani kwetu, uso umekunjamana. Akauliza msichana atasoma ili iweje. Ukamjibu kwa Kiarabu chako cha kuungaunga, "Binti yako hasomi hapa. Ananisomesha mimi." Akaondoka, na mtoto akabaki. Na wewe ulimlipa kwa kumfundisha hesabu, somo kwa somo, bila baba yake kuulizwa.

Majirani wetu waliotoka Unguja wakasikia, wakaleta watoto wao. Mwisho wa mwaka walikuwa tisa juu ya mkeka, na mimi ukanipa kazi ya kuwasikiliza wadogo herufi. Nilikwambia mimi si mwalimu. Ukanambia, "Unajua alifu mpaka jimu? Hawa hawajui. Basi kwao wewe ni mwalimu."

Sasa Shangazi, nifike pale ambapo sikuwahi kufika ukiwa hai.

Khalfan alianguka mtihani ule wa kwanza. Wenzake wawili wa kwenye mkeka walipita, wangu akaanguka, na skuli ikasema nafasi yake atapewa mwengine. Mimi nilikuwa nimechoka. Nikasema namtoa, namtia dukani kwa mtu akajifunze kazi. Wewe ukasema hapana. Na mimi nikakwambia, mbele yake, "Mtoto si wako. Wewe hukuzaa, hujui."

Ulikunja mkeka ukauweka pembeni, ukaenda kusali. Asubuhi ukavaa buibui, ukachukua madaftari yake yote ya mwaka mzima, ukaenda skuli ya wavulana, ambako mwanamke hajapata kukanyaga. Walikuweka nje juani mpaka adhuhuri. Mwalimu mkuu alipotoka ukamfungulia daftari la mwanzo wa mwaka na la mwisho, ukamwambia, "Mtazame alipokuwa, kisha mtazame alipo. Huyu hajaanguka, huyu bado yuko njiani." Hayo niliyajua baadaye, alinambia mke wa bawabu. Wewe uliporudi ulisema tu, "Amepewa mwaka mmoja. Nipe maji."

Na alasiri ile ile ukautandika mkeka. Ukamwanzisha Khalfan ukurasa wa kwanza. Ukawaandikia wote ubaoni maneno yetu yanayofanana na ya Kiarabu na maana zimeachana, kila siku mawili, mpaka wakawa wanayatafuta wenyewe na kukuletea kama watoto wanaookota kome. Mwaka wa pili alipita. Hakuwa wa kwanza wala wa kumi, lakini alipita, na hajaanguka tena tangu hapo.

Yale maneno yangu sikuyarudisha. Nilingoja wakati mzuri, na wewe ulinifanya nisahau kwamba ninadaiwa radhi, kwa kuwa hukunionyesha hata siku moja kwamba unayakumbuka. Kisha ikaja homa ile, siku sita tu. Siku ya nne ulinishika mkono ukasema, "Rukia, wewe una subira kuliko mimi." Si kweli. Lakini nimelishika neno hilo mpaka leo. Nisamehe, Shangazi. Nimekuja kujua kwamba mtoto anaweza kuwa na mama wawili, na mmoja asimpunguzie mwenzake kitu.

Ulipoondoka sikutaka kuuona ule mkeka. Matanga yalikwisha, wiki ikapita, nikawaambia watoto darasa limefungwa. Unajua nani alikuja? Baba yake Shamsa. Alisimama pale pale uani, akatazama chini, akaniuliza, "Darasa linaanza lini?" Nikamwambia mwalimu amekufa. Akasema, "Najua, nilibeba jeneza. Nnauliza darasa." Kisha akanambia kwamba siku hizi barua za dukani kwake anasomewa na Shamsa, na kwamba alikuwa hajakushukuru, na sasa hajui amshukuru nani. Nikamwambia mlete kesho.

Nilianza vibaya. Siku ya kwanza ya hesabu za sehemu, nusu na robo, nikajumlisha za juu kwa za juu na za chini kwa za chini, na Shamsa akakohoa. "La, Bi Rukia, si hivyo. Tena." Watoto wakacheka na mimi nikacheka, kwa mara ya kwanza tangu uende. Jioni nikatoa madaftari yako nikayasoma moja baada ya moja, kama ulivyokuwa ukifanya wewe, somo moja mbele yao.

Khalfan yuko darasa la tano. Sauti yake imeanza kuwa nzito, na wadogo wakija alasiri yeye ndiye anayewachongea kalamu na kuwashika mkono kwenye herufi. Nilipomwandikia baba yake Kuwait, nilimwambia haya yote ni kazi ya dada wa baba yangu.

Na mimi wameniita. Yule mwalimu mgeni alipowapima wasichana wetu akauliza Bibi Aziza yuko wapi, anamtaka kazini. Nikamwambia umetangulia mbele ya haki, na kwamba mimi nilikuwa nakusaidia. Nikasema wazi cheti sina. Akanambia darasa la kwanza lina wasichana arubaini na halina mtu, nianze Jumamosi. Sasa ni wiki ya tatu. Asubuhi nnakuwa kule, alasiri nnarudi nyumbani, na mkeka sijaukunja. Watu wanazidi kurudi kutoka pwani ya Afrika, wana watoto, na Kiarabu hawana. Jana mama mmoja kaniletea pacha. Kaomba radhi mlangoni kwa kuwa wanawe hawajui kitu, kana kwamba kaja na aibu mikononi.

Mungu akulaze pema, Shangazi, akupe nuru kaburini kwa kila herufi uliyomtoa nayo mtoto kizani. Mimi nakuahidi jambo moja nnaloliweza. Mtoto yeyote atakayeletwa mlangoni kwangu sitamuuliza kwa nini hajui. Nitampisha akae.

Mwanao,
Rukia