Kioo cha Inchi Ishirini na Nne

Jumatatu, 3 Machi

Shingo! Nimeamka siwezi kugeuka kushoto. Mume wangu ni nesi, mtu wa zamu, na nyumbani pia anaona wagonjwa tu. Ameniminya bega, akasema ugonjwa huu unaitwa laptop. Eti nakaa juu yake kama kuku anayeatamia. Nikamjibu mtaka cha mvunguni sharti ainame. Akasema hata mvunguni watu huingia wakatoka.

Lakini habari ya leo siyo shingo. Msimamizi wa kituo cha televisheni amejibu! Yale maandishi ya chini ya filamu niliyomwandikia, ya watazamaji wasiosikia, ameyapenda. Anasema naandika jinsi watu wanavyosema. Hapo nimesoma mara nyingi kuliko inavyofaa. Kisha ikafuata "ila". Maneno yanachelewa. Mtu ameshafunga mdomo ndipo sentensi yake inatokea. Amenipa kipindi kingine cha majaribio, nimrudishie Alhamisi ya wiki ijayo. Kikikaa sawa, tamthilia nzima ni yangu.

Na sababu naijua. Kioo cha laptop hii ni kidogo kama kisahani. Nikifungua filamu, orodha ya maandishi inajificha. Nikifungua orodha, yale mawimbi ya sauti yanayoonyesha mtu kaanza wapi kusema yanapotea. Nabahatisha tu.

Nahitaji monita, kioo kikubwa cha kuchomeka kwenye laptop. Fedha iliyopo ni ile ya zulia la sebuleni. Tumekubaliana na mume wangu: zulia lisubiri, miguu yetu imezoea sakafu.

Jumanne, 4 Machi

Nimesoma mtandaoni hadi macho yakaniwasha. Kila mmoja ana lake. Inchi ishirini na saba! Hapana, ishirini na mbili! Kioo cha kupinda! Basi nikachukua maboksi ya jikoni, nikayakata kwa vipimo vyote, nikayasimamisha mezani moja moja na kuyatazama kama mtu anayehoji wachumba.

Lile la ishirini na saba lilimeza meza. Ningeketi nje ya mlango ndipo nilione lote. La ishirini na mbili nalo, ah, halina tofauti kubwa na mateso ninayoyajua. Ishirini na nne limekaa. Nikinyoosha mkono, ncha za vidole zinaligusa.

Mama alipita akanikuta nikizungumza na boksi. Mama yake mume wangu, anaishi nasi tangu mwaka jana. Nikamuuliza, Mama, hili si kubwa mno? Akasema, "Ndiyo, ametoka asubuhi." Akaendelea na njia yake.

Ndivyo alivyo. Mpole, msafi, na mbali. Unamwita kutoka jikoni, haitiki. Unamsimulia jambo, anatabasamu kidogo na kukunja kanga yake. Rafiki zake wa zamani ameacha kuwatembelea, anasema wanapiga domo mno. Mimi ninavyopenda domo, bila shaka nipo kwenye kundi hilohilo.

Alhamisi, 6 Machi

Duka kubwa la vifaa vya umeme. Muuzaji (nimempa jina Bwana Ofa) hakuniacha nipumue. Nilimwambia nataka kioo cha kusomea maandishi, chenye kuonyesha herufi wazi, kinachopanda na kushuka ili shingo ipone. Akanipeleka moja kwa moja kwenye cha kupinda, chenye taa nyekundu mgongoni, cha wacheza gemu. Akasema nikikaa mbele yake nitajihisi nimo ndani ya gari la mashindano. Nikamwambia mimi naandika "mlango unafungwa" na "anacheka kwa mbali". Hakukata tamaa. Alinitajia bei na mimi nikacheka kwa karibu.

Vya bei yangu vilikuwa viwili pembezoni. Kimoja, ukisogea kando kidogo, uso wa mtu unageuka kijivu. Kingine kina rangi nzuri, lakini mguu wake hausogei, kimekaa chini kama kimenuna. Nitakiinua kwa vitabu, nikawaza. Nilikaribia kukinunua. Bwana Ofa alikwishashika boksi. Kisha nikasema nakwenda kufikiri, naye akanitazama kama nimevunja uchumba.

Jumamosi, 8 Machi

Nimepata! Mtumba.

Kuna ofisi ya wahasibu inahamia vyumba vidogo, inauza monita zake. Zimepangwa kwenye korido kama wanafunzi waliofukuzwa darasani. Mhasibu mwenyewe, bwana mmoja mrefu mwenye sweta, ndiye aliyekuwa akiuza, na hakusifia chochote. Niliomba awashe. Nikamwomba aweke kioo kizima cheupe, kisha cheusi, kwa maana nimesoma ndivyo wanavyokagua. Kwenye ule weusi kikatokea kinukta kimoja cha kijani, pembeni chini. Chunusi! Nilimwonyesha. Akainama, akavua miwani, akavaa tena, akakubali kuwa ipo na akapunguza bei kabla sijaomba. Nilikuwa nimejiandaa kubishana, nikabaki na maneno mdomoni.

Inchi ishirini na nne. Kinapanda, kinashuka, kinainamisha kichwa kama mtu msikivu. Ukikitazama kutoka kando rangi hazibadiliki. Hakina spika, akasema, wahasibu hawahitaji sauti. Nami navaa vipokea sauti vya masikioni siku nzima, nikaona si neno. Kibaya kimoja tu: matundu yake ya nyuma ni ya kizamani, na laptop yangu ina tundu la HDMI peke yake. Mhasibu akasema waya wa kuunganisha utapatikana popote.

Tumekibeba mimi na mume wangu tukiwa tumekifunga kwenye shuka. Jirani akatuuliza mgonjwa ni nani.

Jumapili, 9 Machi

"Popote" ya mhasibu ni mbali.

Waya wa kwanza niliununua nikafurahi, ncha zote mbili ziliingia. Kioo kikasema hakuna kitu. Nikauchomoa, nikaugeuza, nikaupuliza kama bibi anayepuliza moto. Hakuna kitu! Nikarudi dukani. Fundi simu wa pale akanieleza bila kunicheka sana: waya huu ni wa njia moja. Unatoa picha kwenye kompyuta yenye tundu pana kama la kioo chako, na kuipeleka kwenye kioo chenye HDMI. Wewe kwako ni kinyume. Kumbe hata nyaya zina barabara za njia moja.

Akanipa mwingine, wenye kichwa cheupe chenye meno mengi na skrubu mbili za kukazia. Umekaa kama ulizaliwa hapo. Picha ikaja, pana, tulivu, na chunusi yake. Nikapiga kigelegele peke yangu sebuleni. Mama alikuwa kwenye kochi nyuma yangu, hakugeuka hata kidogo.

Jumatatu, 10 Machi

Asubuhi ilikuwa raha tupu. Filamu kulia, orodha kushoto, mawimbi ya sauti chini, vyote kwa pamoja! Naona kabisa mahali mtu anapoanza kusema. Shingo imenyooka. Nilifanya kazi nikiwa na vipokea sauti masikioni, chumba kimya.

Kisha nikahisi mtu anacheka. Nikageuka. Mama, amesimama nyuma ya kiti changu na kanga mdomoni, anacheka hadi mabega yanatikisika. Kwenye kioo wifi wawili walikuwa wanagombania sufuria. Sijawahi kumwona Mama akicheka hivyo. Nikavuta kiti kingine, akaketi.

Nikaona ni ubinafsi kusikiliza peke yangu. Nikachomoa vipokea sauti ili naye afaidi. Laptop ikaanza kubwata, nikashtuka mwenyewe. Yeye hata kope hazikucheza. Aliendelea kutazama pale chini, anasoma, anacheka. Alikuwa karani wa posta, kusoma ndiyo kazi yake.

Tukafika mahali nilipokuwa sijaandika bado. Wale wifi wakazidi, sasa wanapayuka, mmoja anapiga meza. Mama akangoja. Akanisogelea, akauliza kwa upole:

"Mbona sasa wamenyamaza?"

Sauti zilikuwa zinajaa nyumba nzima.

Nikarudisha filamu nyuma, nikaanza kuandika. Haraka haraka, mistari yao yote, matusi yao yote, hata "anapiga meza", "sufuria inaanguka". Nikaachia filamu iendelee. Mama akasoma, akapiga goti lake, akasema yule mdogo ana ulimi kama wembe. Tukaendelea hivyo hadi kipindi kikaisha. Mimi naandika, yeye anacheka.

Kwa hiyo hakuwa amenuna. Wala domo halijamshinda. Alikuwa halisikii tu, likampita.

Jumanne, 11 Machi

Nimemweleza mume wangu. Alikuwa ameshavua kiatu kimoja. Kisha akasimama, anataka kumpeleka Mama kwa daktari wa masikio papo hapo, na kiatu kimoja! Nikamwambia taratibu. Hakuwa taratibu. Alikwenda chumbani kwa Mama, nikasikia sauti yake inapanda, na Mama anajibu kwamba masikio yake ni mazima, ni sisi tunaoongea tukitafuna maneno.

Baada ya chakula cha jioni mume wangu kaosha vyombo vyote, hata visafi.

Jumatano, 12 Machi

Mama amekuja mwenyewe baada ya chai, miwani usoni, akavuta kile kiti. Nikawasha.

Na ana jicho! Kila mara ananigusa mkono. "Hili limekimbia, mwanangu, sijalifikia." Au, "Huyu kasema nini? Mgongo wake tu naona." Mimi husikia nani kasema, sikukumbuka kuwa wengine hawajui. Nikaweka majina ya wasemaji. Nikagawa mistari mirefu. Palipokuwa na muziki wa huzuni sikuwa nimeandika kitu, akauliza kwa nini yule baba analia wakati hakuna aliyemsema. Nikaandika kuna muziki. Akasoma, akaguna, akasema kumbe.

Katikati ya kazi, bila kuniangalia, akasema: "Rafiki zangu walikuwa wakicheka, nami nacheka. Halafu mmoja akaniuliza tunacheka nini."

Nikafungua ukurasa mtupu, nikakuza herufi zikajaza kioo kizima. Nikaandika: WALIKUWA WAMESEMA NINI? Akasoma. "Mpaka leo sijui," akasema, na safari hii akacheka kwa kweli. Nami nikacheka, machozi yananitoka.

Alhamisi, 13 Machi

Nimetuma kipindi. Mama alisimama pembeni nikibonyeza, kama tunazindua meli.

Ijumaa, 14 Machi

Msimamizi kimya. Nimepangusa kioo mara mbili, hakina hata vumbi.

Mume wangu leo hana zamu. Alisema jana, kwa sauti ya kawaida safari hii na akimtazama Mama usoni, kuwa daktari wa masikio anaona watu Ijumaa asubuhi na ameomba nafasi. Mama alisema ataona. Akaenda kulala. Tukajua hiyo ni hapana.

Sasa hivi Mama ametoka chumbani. Amevaa viatu vyake vya kutokea, vile vya ngozi, na kujitanda kanga mpya. Hakukaa kwenye kochi. Amekuja hadi mezani, akanyoosha kidole kwenye kioo, yaani niandike. Nikakuza herufi. Kisha akauliza, polepole:

"Kule kwa daktari, mtu anaitwa kwa jina, au kuna mahali namba inaandikwa?"

Nimeandika: TUTAKAA PAMOJA. WAKIITA NITAKUSHIKA MKONO. Amesoma. Akasoma tena, midomo ikicheza. Akasema herufi hizo ni kubwa mno, yeye si kipofu.

Mume wangu anatafuta funguo, anageuza mito ya kochi. Simu yangu imetetemeka mezani, ni msimamizi. Sijafungua. Mama ameshachukua mkoba wangu, amesimama mlangoni, ananingoja nivae viatu.