Udi chumbani mwa viwavi

Alhamisi usiku

Udi, jamani. Mama amefukiza nyumba nzima, hata chumba changu, walimo viwavi wangu waliolala ndani ya maganda miezi na miezi.

"Nilidhani wamekufa, mwanangu."

Wangekuwa wamekufa, nisingewadunga sindano jana. Niliyowadunga ni peptidi, kipande kidogo cha protini, ujumbe ambao mwili wa mdudu hutuma ndani yake kukatiza usingizi. Mimi nimeuongeza tu. Niliogopa moshi umeniharibia utafiti wote, na viwavi wengine sina. Nilinuna hadi isha.

Kisha Mama akaniita. Alikuwa ameinamia sanduku lao. Ganda moja likajipinda, likatulia, likajipinda tena.

"Yu hai huyu," akanong'ona, akaweka kidole mdomoni ili nisiwaamshe wenzake.

Sikumwambia kwamba kuwaamsha ndiyo kazi yangu.