Mtunza Bustani Aliyejifunza Kupanda Ovyo

Mwaka umetimia, Baba, tangu asubuhi ile ulipotuacha ukiwa umekaa kwenye kiti cha jikoni, kikombe mkononi na viatu vya mvua miguuni. Chai ilikuwa imebaki nusu. Viatu vilikuwa na matope mekundu, na udongo wa mtaa wetu ni mweusi kuanzia mlangoni kwetu mpaka sokoni. Mama aliliona hilo kabla daktari hajafika, akalinyamazia. Haukuwa wakati wa kumuuliza mtu alikuwa wapi jana.

Tunakukumbuka kwa upendo. Tunalisema hili mapema kwa sababu baadhi ya yanayofuata yatasikika kama malalamiko, na baadhi ni malalamiko kweli.

Watu wengi wa mji huu wanaijua kazi yako bila kukujua wewe. Maua ya mzunguko wa barabara kuu yalikuwa yako. Nyasi za mbele ya hospitali zilikuwa zako, na ule uzio mfupi wa michongoma kwenye maegesho ya manispaa, ambao madereva waliugonga kila mara na wewe ukaupanda upya bila kumtukana mtu. Mfukoni hukukosa kamba yako nyeupe, yenye kijiti kila ncha, ya kunyooshea mistari. Hukuwahi kupanda mche ukasimama nje ya mstari. Siku ya harusi ya binti yako mkubwa uliitoa kamba hiyo ukumbini ukaanza kunyoosha safu za viti, na wageni waliokwisha kuketi wakaombwa kusimama. Bwana harusi alisimama nao.

Miche iliyopangwa kutupwa uliileta nyumbani kwenye beseni, na kutoka hapo ikahamia kwa majirani. Hukumpa mtu mche ukamwacha nao. Kesho yake ulipita kuutazama, na ukikuta umekaa upande ulimwomba mwenye nyumba jembe.

Maneno ndiyo yalikuwa kazi kwako. Ukiulizwa jambo zito ulizungumzia mvua. Ndiyo maana hatukujua lolote.

Kitindamimba wako alikuwa akipokea simu za watu waliokatikiwa umeme. Alikaa katika chumba kisicho na dirisha, vipokea sauti masikioni, akitukanwa kutwa nzima na watu ambao hatawaona maishani. Siku moja alivivua, akaviweka vizuri juu ya meza, akaja nyumbani kututangazia kwamba amemalizana na jamii. Anakwenda kuishi peke yake porini, ng'ambo ya vilima, na hatahitaji kitu chochote kutoka kwa mtu yeyote. Dada yake mkubwa, ambaye ni mfamasia, alimuuliza kisu alichoshika kimetengenezwa na nani. Hawakuagana vizuri. Tangu siku hiyo dada yake anamwita Mtawa, na jina limemganda.

Hakuwa peke yake katika wazo hilo. Msimu ule vijana kadhaa wa mtaani, wote wamesoma, waliingia porini baada ya kutazama kwenye simu zao watu wanaojenga vibanda vya matope huku wakitabasamu. Mmoja alirudi kesho yake kwa sababu ya siafu. Wengine walirudi mvua zilipoanza, wamekonda, wakaoga, wakatafuta kazi, na leo hawapendi kuulizwa. Wa kwetu tu ndiye hakurudi. Wa kwetu alinenepa.

Mara mojamoja alishuka kutusalimia, na kila aliposhuka tulipewa mhadhara. Ninyi mnanunua kila kitu, alisema, na pori linatoa bure. Alitoka kibandani asubuhi akakuta boga limejilaza kando ya njia ya kwenda chemchemi. Kunde zilimfuata alikokwenda. Viazi vitamu vilijitokeza mahali ambapo yeye mwenyewe alikumbuka palikuwa na majani matupu. Kumbe ukiacha kupigana na dunia, alituambia, dunia inakulea. Wewe ulisikiliza, ukakuna kidevu, ukamuuliza maboga hayo yanapenda jua au kivuli. Mama alisema tangu azaliwe hajasikia boga la mwituni lenye adabu namna hiyo. Ukamwambia mvua za mwaka huu zimekuwa nzuri.

Katika miezi hiyohiyo, ukiwa umestaafu, ulianza vituko uani. Ulisimama umeipa bustani mgongo, ukarusha vijiwe juu ya bega, kisha ukageuka na kupanda mche mahali kila kijiwe kilipoangukia. Ukimaliza uliitazama kazi yako kwa uso wa mtu aliyemeza dawa chungu. Siku nyingine tulikuona dirishani ukirudi kuisogeza miche kidogo kidogo mpaka ikakaa kwenye mstari, halafu ukaing'oa yote na kuanza upya.

Mama akaogopa kwamba akili imeanza kukutoka. Mfamasia akaitwa. Alikuuliza leo ni siku gani, ukamjibu. Alikuuliza majina ya wajukuu, ukayataja kuanzia mkubwa. Mwishowe akakuuliza kwa nini wewe, mtu wa kamba, unapanda ovyo. Ulisema unajifunza. Akafunga mkoba wake, akaondoka.

Na kila baada ya muda uliaga kwamba unakwenda kwenye kikao cha wastaafu, ukakaa nyuma ya pikipiki ya shemeji yako, fundi baiskeli. Shemeji yako hajastaafu mpaka leo. Hilo nalo hatukulifikiria.

Ulipofariki ni yeye aliyekwenda kumleta Mtawa, na alimleta kabla ya adhuhuri, katika pori lile lote, bila kumuuliza mtu njia. Mtawa alilia sana, sote tuliona. Kisha, nyumba ikiwa imejaa watu, akasimama na kusema kwamba Baba angeishi miaka mingi zaidi kama angeuacha mji na kuishi kama yeye, kwa kulitegemea pori tu. Shemeji yako alipaliwa na chai mpaka ikabidi atolewe nje.

Mtawa aliporudi alikotoka, Mama alikung'uta koti lako. Zilidondoka mbegu za maboga, kunde zilizofungwa kwenye kipande cha gazeti, na kamba yako, safi kabisa, kama kitu kisichotumika siku nyingi. Aliviweka mezani, akamwita kaka yake, akasubiri. Fundi baiskeli si mtu wa kustahimili kimya cha dada yake. Alieleza yote: jinsi alivyokuwa akikushusha barabarani pale miti inapoanzia, jinsi ulivyomvizia mwanao mpaka aende kutafuta kuni, jinsi ulivyorusha vijiwe vyako kuzunguka kile kibanda na kupiga magoti kila kilipoanguka kimoja, magoti yaleyale uliyotuambia hayawezi kupanda ngazi za kwa binti yako.

Kwa hiyo kila boga tulilohubiriwa lilikuwa limetoka mfukoni mwako.

Hapa ndipo tunapolalamika, Baba. Ulituachia jambo hilo bila neno moja la maelekezo. Mvua zilikuwa zinakaribia, na safari hii hakuna aliyepanda. Mfamasia alitaka Mtawa aambiwe siku hiyohiyo, maana mtu anayeamini kwamba pori linamlea hawezi kujiandaa kwa njaa, na njaa haingojei msiba uishe. Alikuwa na haki. Mama alikataa.

"Amemzika baba yake juzi," alisema. "Sitamzikia na pori lake."

Shemeji yako hakubishana na yeyote. Alikwenda sokoni, akachukua miche ya kwanza aliyoiona, akaipeleka porini, akaipanda karibu na chemchemi. Ilikuwa miche ya vitunguu. Na kwa kuwa amekaa na magurudumu maisha yake yote, aliipanda kwa duara.

Mvua zikaja, zikapita. Jioni moja Mtawa alitokea mlangoni, suruali imefungwa kwa ugwe, shingo imekuwa ndefu, na kitunguu mkononi. Alimwamkia Mama, akamwamkia mjomba wake, akakiweka kitunguu katikati ya meza. Alisema kwamba msimu huo alijiaminisha mambo mengi. Maboga yalipokosekana alidhani amelikosea pori. Kunde zilipokosekana alihamisha kibanda, akaomba radhi kwa sauti, akaacha hata kukata matawi mabichi. Lakini hili alishindwa kujiaminisha. Nani amepanda vitunguu porini, tena kwa duara?

Shemeji yako alitazama dari, akauliza kama vimestawi.

"Ni baba yako aliyekuwa analilisha hilo pori," Mama akasema. "Huyu mjomba wako ameendeleza, kwa akili zake hizi."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipokwenda."

Alikaa. Alikigeuza kitunguu upande huu na upande ule, kama mtu anayetafuta pa kukifungulia.

"Kwa hiyo sijawahi kuwa peke yangu hata siku moja," akasema.

"Hata siku moja," Mama akamjibu. "Pole, mwanangu. Kula."

Alikula. Dada yake, ambaye alikuwa amelibeba jambo hili tangu msibani, hakuweza kungoja amalize. Alisema mwenye makosa ni wewe. Wenzake wote walirudi kwa sababu waliachwa waone njaa. Huyu amekaa huko kwa sababu baba yake alimpelekea chakula na kukiita pori. Kama ungetulia nyumbani na magoti yako, mwanao angekuwa kazini siku nyingi, na wewe pengine ungekuwa kwenye kiti hiki ukizungumzia mvua. Mtawa aliendelea kutafuna. Yote yalikuwa kweli.

Ndipo shemeji yako akasema kwamba hata yeye aliwahi kukuuliza hivyo, mmesimama barabarani, wewe unakung'uta udongo magotini. Na kwamba siku hiyo, kwa mara ya kwanza, hukumjibu kuhusu mvua.

"Alisema, akirudi kwa njaa atakuwa amefukuzwa," fundi baiskeli akatuambia. "Akasema, mimi nataka arudi ameshiba."

Mtawa alisukuma sahani, akatoka uani. Tulimwona dirishani akitembea polepole katikati ya miche yako ya majaribio, ambayo Mama hajakubali iondolewe, akiinama kwenye mmoja mmoja. Aliporudi ndani aliomba kamba.

Tulidhani amerudi, Baba. Mfamasia alikuwa ameanza kumuulizia kazi. Alikaa nasi, akalala mpaka mchana, akapata mashavu tena, akatengeneza bomba la jikoni ambalo wewe ulikuwa unaliahidi. Halafu akamwomba Mama zile mbegu za koti lako, akaweka kamba mfukoni, akarudi porini. Ameshiba. Hukusema tumfanyeje mtu ambaye ameshiba na bado anaondoka. Dada yake alisema maneno ambayo hatutayachapisha.

Majuzi shemeji yako alikwenda kumtazama, mikono mitupu, kwa amri ya Mama. Anasema kibanda kipo palepale na Mtawa hajambo, mikono imemchubuka kwa jembe. Analima kama watu wengine wanavyolima. Maboga yanaanzia mlangoni kwake, na hayakizunguki kibanda. Ni mstari mmoja tu, umenyooshwa kwa kamba. Unapita kando ya vile vitunguu, unavuka kijito, unatoka kwenye miti, na shimo la mwisho, ambalo bado halijafukiwa, liko upande wa barabara, pale pikipiki ilipokuwa ikikushusha.

Mfamasia alimhoji mjomba wake kwa kirefu kama ana hakika mstari unaelekea huku kwetu na si kwingine. Mjomba alijibu kwamba yeye mimea haijui, lakini kitu kilichonyooka anakijua. Hatusemi kwamba mwanao anarudi. Tunasema tu kwamba anapanda kuja upande huu, na kwamba msimu wa kupanda haujaisha.

 Mama alitoka mlangoni, akavichukua viatu vyako vya mvua, ambavyo kwa mwaka mzima hakuna aliyeruhusiwa kuvigusa, akayasugua yale matope mekundu mpaka yakaisha, akavianika. Wewe na kitindamimba wako mnavaa viatu vya namba ileile.

Unakumbukwa na mkeo, ambaye bado anakudai maelezo. Na binti yako mfamasia, mumewe na watoto wao, ambao viti vyao vya mezani vimepangwa sawasawa. Na shemeji yako, fundi baiskeli, aliyekatazwa kupanda kitu chochote. Na kitindamimba wako, tuliyemweka hapa bila kumuuliza, kwa kuwa aliko hakuna simu.

Hatutakusahau, Baba. Hata tukijaribu, maboga yapo.