Mkoba wa Mama Kwenye Kiti

Edmonton, London
Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Bibi yangu,

Shikamoo. Natumaini Kassimu anakusomea barua hii ukiwa umekaa, mguu umeuweka juu ya kigoda kama daktari alivyosema, na si kwamba umesimama jikoni unamwambia apaze sauti. Kassimu, mkalishe kwanza. Goti linaendeleaje? Na ile dawa ya kuchua, unaitumia au umeshampa jirani? Huku sisi wazima. Mama ana mafua kidogo, ya baridi tu, hayamzuii kwenda kazini. Mimi sijambo, na safari hii nikisema sijambo ni kweli.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu nakosa maneno. Unaniuliza, "Unalala?" Nami najibu, "Nalala, Bibi." Kisha Mama ananitazama, wewe unaguna, na sote watatu tunajua kwamba nimedanganya. Kwenye karatasi naweza kufikiri kwanza. Barua anakuja nayo Dada Mwajuma wa Pongwe, anayefanya kazi pamoja na Mama. Anakuja kwao likizo.

Bibi, sasa nalala. Nataka nikueleze ilivyokuwa mpaka nikaanza kulala, kwa sababu najua wewe na Mama mmekubaliana kwamba shule zikifungwa Desemba nirudi Muheza moja kwa moja. Sikuwa nasikiliza kwa makusudi. Fleti yetu ina chumba kimoja na sebule, mimi nalala sebuleni kwenye kochi linalokunjuliwa, na Mama akizungumza nawe chumbani sauti inapita ukutani. Nilimsikia akisema, "Mtoto anakwisha, Mama, macho yameingia ndani." Na nilijua ulichomjibu kwa sababu alirudia: "Nimrudishe? Basi nitamrudisha." Bibi, nilikaa nawe miaka saba bila Mama, na huku nimekaa na Mama mwaka mmoja na miezi. Nakupenda sana, lakini sikutaka kuondoka.

Macho kuingia ndani ni kweli. Shuleni nilikuwa nasinzia. Siku moja nililala maktaba na kichwa juu ya atlasi na daftari, nikaamka shavuni nina alama ya waya wa daftari, na wasichana wa darasa langu wakaniita "Bibi Kizee" kwa Kiingereza wiki nzima. Mwalimu wa kemia, ambaye ni mpole, alimwita Mama. Alimwuliza kama nyumbani kuna tatizo. Mama akasema hakuna. Alipotoka aliniambia njiani, "Nimesema hakuna. Sasa niambie, lipo?" Nikasema halipo. Nilidhani nasema kweli.

Nilijaribu kila kitu nilichosoma. Niliazima vitabu vitatu vya usingizi. Kimoja kilisema mtu alale saa ile ile kila siku, nikajipangia saa tatu na nusu usiku, nikaandika ratiba na kuibandika kwenye friji kando ya rota ya zamu za Mama. Lakini Bibi, rota ya Mama haina wiki mbili zinazofanana. Pale kwenye nyumba ya kulelea wazee kuna zamu ya asubuhi, ambayo anatoka hapa saa kumi na moja na nusu alfajiri. Kuna zamu ya jioni, ambayo anarudi saa nne na nusu usiku. Kuna zamu ya usiku, ambayo anarudi jua limeshatoka. Mwenzake akiugua, rota inabadilishwa kwa simu. Ratiba yangu ilikaa pale kwenye friji inanitazama tu. Nililala chali nikitaja elementi za kemia kwa mpangilio, haidrojeni, heli, lithi, nikifika kalsiamu ambayo ni ya ishirini naanza upya.

Wiki za jioni ndizo zilizokuwa mbaya kuliko zote, na sababu yake ni wewe. Usikasirike, nisikilize mpaka mwisho.

Unakumbuka Babu alipokuwa anatoka kiwanda cha mkonge? Hata akichelewa vipi, hakuna aliyelala kwako. Mmoja alimpokea mkoba mlangoni, mwingine alitia maji ya kunawa, wewe ulifunua chakula. Ulikuwa ukisema mtu aliyetoka kazini asiingie kwenye nyumba iliyolala, ataona kama hana kwao. Na siku unanisindikiza uwanja wa ndege ulinishika mkono pale kwenye mizigo, ukaniambia, "Mama yako ameingia mlango ule peke yake miaka saba. Sasa upo. Usimwache aingie peke yake."

Sikumwacha. Zamu ya jioni nilikaa juu ya kochi, taa imewaka ili ajue niko macho, chakula nimekifunika, kitabu mkononi nisisinzie. Saa nne na nusu ilipita, saa tano ikakaribia, Mama hakuna. Nilifikiria basi limeharibika, nikafikiria mambo mengine ambayo sitayaandika. Mwishoni macho yaliniuma, nikazima taa niyapumzishe kidogo, na dakika ile ile funguo zikalia mlangoni. Kila siku ilikuwa hivyo. Niliona ni bahati mbaya yangu. Niliruka, nikawasha taa, nikaupokea mkoba, "Pole na kazi, Mama." Naye alisema, "Jamani, nimekuamsha," na uso wake ulikuwa na huzuni ambayo sikuielewa. Alipokwisha kula na kulala, mimi moyo ulikuwa bado unadunda, nataja haidrojeni, heli, lithi.

Jumamosi moja asubuhi nilikuwa nashusha kapu la nguo kwenda mashine za chini. Tunakaa ghorofa ya tatu. Kwenye ngazi za ghorofa ya pili nikakutana na Mama Neema, jirani yetu wa Bukavu. Kiswahili chake ni cha Kongo, mwanzoni nilikuwa naitikia tu bila kuelewa, siku hizi naelewa. Ni mtu wa kusema. Akaweka mkono kwenye chuma cha ngazi nisipite.

"We mutoto, juu ya nini unafungiaka mama yako inje?"

Nikasema, "Nani? Mimi?"

"Weye. Namuonaka hapa, anaikala ku ngazi na mukoba yake kama mutu wa deni. Taa ya ngazi inazima, anapunga mukono juu iwake. Inazima, anapunga. Mimi nikamuuliza, mama, huna funguo? Anacheka tu. Mutoto anasoma vitabu vile vyote, mama analala inje."

Nikamwambia sijamfungia, nikaapa. Akanitazama kapu, akanitazama uso, akasema, "Basi umuulize," akapita. Nilisimama pale mpaka taa ya ngazi ikazima, maana ile taa inawaka mtu akisogea tu. Nikainua mkono, ikawaka.

Sikufua. Nilirudi juu na kapu lile lile. Mama alikuwa na mapumziko siku hiyo, anasukuma chapati.

Nikamwuliza, "Mama, huwa unakaa kwenye ngazi?"

Hakuinua kichwa. "Nani kakwambia?"

"Mama Neema."

"Mdomo wa yule mwanamke," akasema, akaendelea kusukuma. Mimi nikabaki nimesimama. Unajua nilivyo, siwezi kuuliza mara mbili. Mwishoni akasema mwenyewe, "Nikifika chini natazama dirisha. Nikiona taa nasema bado anahangaika huyu, ndio kwanza usingizi unamjia, nikiingia na mifuko yangu nitamharibia. Basi nakaa ngazini karibu na mlango, natazama mwanga wa chini ya mlango mpaka uzime. Nakupa dakika kumi, nusu saa. Siku moja ulinikalisha karibu saa nzima, Saumu, makalio yakafa ganzi."

"Lakini taa naiwasha kwa ajili yako."

"Kwa ajili yangu ya nini?"

"Ujue niko macho. Nikupokee."

Mkono wake ukasimama juu ya kile kijiti cha kusukumia. "Nani kakutuma?"

"Bibi."

Bibi, Mama alicheka mpaka akakaa chini sakafuni, unga hadi kwenye nyusi. Alikuwa anacheka na kulia pamoja, sikujua nimpe kitambaa au maji. "Mama yangu yule," akasema, "kaniletea mlinzi mpaka Ulaya." Kisha akaacha kucheka. Akaniambia nikae naye pale chini. Akasema, "Mimi nakaa kwenye ngazi ili ulale, wewe unakaa macho ili niingie. Na nilikuwa nishaulizia tiketi yako."

Hapo ndipo nilipomwambia kwamba nilisikia, na kwamba sitaki kurudi. Nilisema kwa sauti ndogo lakini nilisema. Akaniuliza, "Mbona hukusema?" Nikamjibu, "Mbona wewe hukuingia?" Nikaogopa, nikidhani nimemkosea adabu. Alinivuta kichwa akakiweka begani kwake, nywele zangu zikapata unga.

Akasema kuanzia siku hiyo nilale usingizi ukinijia, iwe saa tatu au saa tano, yeye ataingia na funguo zake. Nikamwambia siwezi, nitajiona kama nimekuacha wewe Bibi mlangoni pia. Akafikiri. Akasema, "Sawa. Mkoba wangu utaupokea asubuhi. Nitauacha pale kwenye kiti cha karibu na mlango, sitauingiza chumbani. Usipoupokea wewe, hausogei."

Jumatatu yake alikuwa na zamu ya jioni. Nilifunika wali na maharage kwa lile kawa ulilonipa, nikazima taa macho yalipokuwa mazito, sikutazama saa. Kusema kweli sikulala. Nilisikia anavua viatu nje ya mlango. Aliingia taratibu kama mwizi, nami nikafumba macho kama mwizi mwenzake. Nilisikia mkoba unatua kwenye kiti. Kisha akakaa mezani gizani, mwanga wa barabarani tu dirishani, akaanza kula. Sauti ya kijiko kwenye sahani, anatafuna, anakunywa maji, anavuta pumzi ya kushiba. Ulipokuwa unachambua mchele usiku nikilala miguuni kwako ilikuwa hivyo hivyo. Kitu ninachokumbuka mwisho ni kijiko. Sikusikia akinawa. Asubuhi nikakuta amenifunika khanga yake juu ya blanketi, na mkoba uko kwenye kiti.

Niliuchukua kwa mikono miwili, nikaupeleka chumbani kwake. Alikuwa bado amelala nusu. Nikamwambia, "Shikamoo Mama. Pole na kazi ya jana." Akasema, "Asante mwanangu," bila kufumbua macho, akageukia ukutani akaendelea.

Ni wiki ya saba sasa. Rota bado inabadilika, juzi ilibadilika mara mbili kwa siku moja. Wiki ya asubuhi Mama anaondoka bila kuniamsha, naamka nakuta chai kwenye chupa. Wiki ya usiku nalala peke yangu nyumbani, nafunga mlango kwa mnyororo kama alivyonielekeza, na asubuhi namfungulia mwenyewe, mkoba naupokea mlangoni kama kwako. Hiyo ndiyo wiki ninayoipenda. Siwezi kusema nalala kila siku. Kabla ya jaribio la hesabu nilikesha, na mkutano wa wazazi ulipokaribia pia. Lakini elementi sizimalizi tena. Jana sikufika naitrojeni, nayo ni ya saba tu. Ratiba yangu nimeibandua kwenye friji. Mwalimu wa kemia alinirudishia daftari ameandika pembeni kwamba anafurahi kuniona nimerudi, na sikuwa nimesafiri.

Mama amesema suala la Desemba analiacha mikononi mwako, kwa kuwa wewe ndiye uliyemshauri na yeye akakubali, hataki kulibatilisha peke yake. Ndiyo maana naandika, Bibi. Naomba unipe ruhusa nibaki nimalize mitihani yangu hapa. Likizo kubwa nitakuja, nitakaa miguuni kwako hata miezi miwili. Na naomba radhi kwamba Mama sasa anaingia nyumba iliyolala. Nimemwuliza kama anaona hana kwao. Amesema akisikia mtu anakoroma ndani, anajua amefika kwake. Mimi sikoromi, lakini sikubisha.

Nisalimie mjomba, mwambie kamba ya kisima asiifunge tena kwa lile fundo lake. Nisalimie mkewe na vitumbua vyake, huku vipo dukani lakini havina harufu. Msalimie fundi cherehani wa barazani aliyenishonea sare yangu ya mwisho, bado naivaa ndani nyumbani. Kassimu, wewe asante kwa kusoma, na usiruke hapa chini hata akikwambia inatosha.

Jambo la mwisho ni lako, Bibi. Mama akiingia saa nne na nusu, kwako ni saa saba na nusu usiku. Kila akipiga kukwambia kafika, unapokea kabla simu haijalia mara ya pili. Zamani sikulifikiria jambo hilo. Sasa najua unakaa wapi saa hizo na unafanya nini. Mama ameahidi kwamba kuanzia siku barua hii itakapokufikia hatapiga, ataandika ujumbe mfupi tu: nimefika. Wewe zima taa usingizi ukija. Ukiamka kwa sala ya alfajiri utaukuta kwenye simu, Kassimu atakusomea. Huo ndio mkoba wako, upokee asubuhi.

Mjukuu wako anayelala,
Saumu