Jumatatu za Daktari Kirit

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Leo nimeogopa! Nilimpelekea maji mpangaji wangu wa chumba cha uani, Daktari Kirit, yule Mhindi wa meno aliyehamishiwa hapa Kasulu toka Tabora. Mlango wazi. Kakaa mkekani, miguu kaikunja, jivu kwenye paji la uso. Nimeita mara tatu — kimya. Inzi katua mdomoni mwake, wala hashtuki. Nikajua roho imetoka, imekwenda zake kutembea. Ndoo nimeimwaga yote. Mbio kwa jirani, Josephina, nikamsimulia.

Jumanne, 5 Agosti
Kumbe! Nimemuuliza mwenyewe, kacheka mpaka kashika ubavu. Huu ni mwezi wao wa ibada. Kila Jumatatu, siku yake ya mapumziko, anafunga na haongei mpaka jua lizame. Nikauliza, na roho je, huwa inakwenda wapi?
"Haiendi popote, Mama Haidari. Nakaa nimkumbuke Mungu, naishia kuwaza maharage. Miguu inakufa ganzi. Miaka kumi na moja sijaona hata mwanga."
Sikumwambia kuwa nimeshapeleka maneno kwa Josephina. Kesho nitayafuta.

Ijumaa, 8 Agosti
Sikuyafuta. Niliona haya.
Leo mume wa Josephina, mzee Benedicto, kaamka mkono na mguu wa kushoto havina nguvu. Na mwezi uliopita nani alimng'oa jino? Daktari Kirit! Josephina anasema jino lilibaki kwake, ndilo alilolifanyia kazi. Anamwita murozi, ndiyo mchawi kwa Kiha chao. Nimemwambia ni presha, mzee aliacha vidonge tangu Pasaka. Nikamwambia na habari ya roho nilikosea. Kanijibu:
"Wewe ndiye uliyeona. Sasa unamwogopa."


Jumapili, 10 Agosti
Kamchape wako Rungwe Mpya. Hao wanaozunguka kufukua uchawi majumbani kwa watu — serikali imekataza, watu wanawaita tu. Makarius wa mashine ya kusaga kasema kesho wanakuja mtaani kwetu. Kesho Jumatatu! Yaa Rabi.
Nimemsihi Daktari aende Kibondo kwa rafiki yake. Hataki, hajafanya kosa. Basi angalau kesho ajibu akiulizwa. Kaniuliza, wewe Ramadhani ungekula mchana kwa sababu jirani kanuna? 
"Utawaeleza wewe, Mama. Si nimeshakueleza yote?"
Nilitaka kumwambia kuwa maneno yametoka kwangu. Nikaokota ndoo yangu, nikaondoka.

Jumatatu, 11 Agosti
Saa nne asubuhi. Wamefika. Watu kama thelathini, majembe mkononi, Josephina mbele. Mwenyekiti wa mtaa nimempigia, anasema yuko njiani — njia gani hiyo isiyofika!
Daktari yuko mkekani, mlango wazi kama kawaida yake. Wamemuuliza jino liko wapi. Kimya. Wamemuuliza tena. Kimya. Mmoja kaanza kuchimba pale kizingitini.
Josephina kaniita, nitoke niseme mbele ya watu nilichokiona. Na Daktari, maskini, kusikia jina langu kafurahi. Kawaonyesha kwa mkono huku dirishani kwangu, kwamba huyo hapo, atawaeleza.
Nimewaambia nakuja, navaa buibui.
Nasikia jembe. Wananiita tena.
Buibui nimeshavaa. Bado naandika.