Sikiliza Tumbo, Tuva

Ånge, 2 Oktoba

Mjukuu wangu Tuva,

Hujambo? Mimi sijambo, ila goti, nalo lina kiburi kama marehemu bibi yako. Asante kwa simu uliyoninunulia. Hiyo programu ya kula kwa utulivu uliyonitilia humo inanichekesha. Jana nimeshika mkate na jibini, ikaniuliza: “Tulia. Vuta pumzi. Una njaa kweli?” Nikaijibu, wewe umezaliwa lini unihoji mimi? Nikala miwili. Jirani Gunvor anaapa imempunguza kilo nne. Mimi namwona bado anaziba mlango.

Wewe inakufaa?

Babu yako

Umeå, 20 Oktoba

Shikamoo Babu,

Mimi mzima kabisa. Mwache Gunvor wa watu! Inanifaa mno. Nilikuwa nabugia ovyo nikisomea mitihani. Sasa kabla ya kula nasimama, nalisikiliza tumbo. Siku hizi mara nyingi linasema halitaki. Suruali zote zinanipwaya, wenzangu wananionea wivu. Nitakuja Krismasi.

Mjukuu wako, Tuva

Ånge, 29 Desemba

Tuva, mwanangu,

Umefika salama? Hapa nyumba imebaki kimya, na nyama nayo imebaki. Mezani nilikusifu mbele ya watu. Kwetu mgeni mwenye adabu hukataa mara tatu ndipo achukue. Vijana wa leo huvamia sinia kama kunguru, lakini wewe ulikataa kama mke wa mchungaji. Nikacheka, nikajiona nimelea.

Leo sicheki. Mara ya nne mgeni huchukua, na sikumbuki kukuona ukichukua. Ulipovaa koti langu la zizini lilikuzunguka kama hema. Nitajie kitu kimoja tu ulichomeza kwangu. Hata kama ni kiazi. Nidanganye basi, ila nijibu.

Babu yako

Umeå, 2 Februari

Babu,

Samahani nimechelewa. Barua zako zote nimezipata. Niko shwari. Nikiinuka naona giza kidogo, lakini programu inasema mwili unajifunza wepesi. Imenishauri nijitenge kwa muda na watu wanaonivurugia utulivu kwa maneno ya chakula. Usikasirike. Usipige simu.

Tuva

Umeå, 5 Februari, nje ya mlango wako

Mjukuu wangu,

Habari za humo ndani? Mimi nimepanda treni na goti langu, kofia nimeisahau nyumbani. Nimegonga. Nimeimba ule wimbo wa matusi aliokuwa akinikataza mama yako, mpaka jirani yako akatoa kichwa na kuniita mlevi. Wewe hukucheka. Anasema hajakuona ukitoka tangu juzi.

Ndipo nikaanza kuandika kwenye hizi karatasi nilizofungia mkate, na kuzisukuma chini ya mlango. Ya kwanza ilivutwa kwa ndani, taratibu. Nikasema, yu hai huyu, tena mkaidi, damu yangu. Ya pili imelala hapa, nusu kwangu, nusu kwako, na hakuna anayeivuta.

Mwenye funguo za jengo nimemwita, yuko njiani. Hii naisukuma juu ya ile. Huna haja ya kuinuka, mwanangu, wala kufungua. Gonga sakafu tu. Kwa kidole. Masikio yangu bado mazima, nimelala hapa nasikiliza.

Babu yako