Kompyuta Iliyompenda Baba

Jumanne usiku

Kesho inarudi dukani, nimeapa. Muuzaji pale Manyatta alinihakikishia, "Bwana, hii kompyuta ni ya bei ya chini lakini inabeba gemu yoyote." Inabeba, ndiyo. Vile trekta ya Muhoroni inabeba miwa ikipanda mlima.

Jioni nimeifungua ubavu, nikaielekezea feni ya sebuleni ipoe, sisi wenyewe tukabaki na jasho. Bado, kwenye gemu ya kandanda, mshambuliaji wangu alipiga mpira ukaning'inia hewani hadi nikamaliza chai.

Baba, aliyekuja juzi kutoka Asembo kututembelea, akasogeza kiti. Mpira wa televisheni humshinda kwa mbio, kila mara anauliza uko wapi. Leo hakuuliza. Nikamgawia upande mmoja wa kibodi, nimwonyeshe tu jinsi mashine ilivyo mbovu.

Amenifunga tatu bila. Mimi! Nabonyeza kwa hasira, na kompyuta inanitii goli likishaingia.

"Sasa hii ndio mpira," akasema. "Mtu anaona mahali inaenda. Wewe irudishe, uone."

Akienda kulala ameniuliza kama fundi anaweza kuipunguzia mwendo kidogo. Eti kipindi cha pili kilimkimbiza.